Nani Ashike Lango

Klara alikuwa muuguzi wa zahanati, na hata katika mchezo wa Mwalimu Timotheo alipewa kuwa mganga. Yeye alitaka upinde. Lakini Timotheo ndiye aliyeuleta mchezo ule kutoka masomoni Uingereza, pamoja na mfuko wa dadu za ajabu, nyingine za pande nne, nyingine za pande ishirini, na ndiye aliyegawa nafasi. "Muuguzi awe nani tena?" alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Walikuwa wanne. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kula, walikutana sebuleni kwa mwalimu, katika kijiji cha milima ya Lushoto, kati ya Malindi ya hukohuko na msitu wa Shume, wakacheza mpaka ukungu uliposhuka na kuziba dirisha. Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake kwenye daftari: silaha zake, nguvu zake, na damu iliyombakia. Timotheo hakuwa na shujaa. Yeye alisimulia safari, na yeye ndiye aliyekuwa maadui wote, majitu na mazimwi na majeshi ya wafu. Adui akishambulia, Timotheo alirusha dadu ya pande ishirini nyuma ya kipande cha kadibodi, kisha akasema imeangukia ngapi. Walimwamini. Mwalimu haulizwi hesabu zake.

Wawili waliobaki walikuwa walinzi, na hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote.

Nikodemo, mpasua mbao wa Shume, alikuwa mtu mpana wa maneno machache. Mlinzi wake alibeba ngao kubwa kama mlango na kuvaa shati la chuma. Kazi yake ilikuwa moja: kusimama penye upenyo na kutohama. Aliwatukana maadui ili wamjie yeye, wakamjia, na dadu ilipaswa kufika kumi na sita ndipo pigo limguse. Bwana shamba Darweshi, aliyetoka Tanga mjini na shati lake lililopigwa pasi, alimwendesha mlinzi wa namna nyingine. Huyo hakuziba njia. Alisimama pembeni na mkuki mrefu, akawaacha maadui wapite kuwaendea wanyonge, na kila aliyempa mgongo alichomwa.

"Wewe unangoja kupigwa," Darweshi alimwambia, akitia neno la Kisambaa la kumwita mwanamume. "Huo si ulinzi, mghosi. Huo ni kuwa gogo. Mimi nawaua."

"Unawaua wakishamuumiza mtu," Nikodemo alijibu.

"Mmoja akiumia, wanakufa watatu. Piga hesabu."

"Huyo mmoja ndiye niliyeambiwa nimlinde."

Klara aliijua tofauti yao kuliko wote kwa sababu dawa zilikuwa zake. Akiwa nyuma ya Nikodemo, alimtibu mtu mmoja tu, tena na tena. Akiwa nyuma ya Darweshi, vita vilikwisha upesi, lakini alikimbia huku na huko akifunga vidonda vya kila mtu, na mara nyingine alifika amechelewa. Alijua ni nyuma ya nani alikuwa salama. Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwa Darweshi. Walikuwa wamekubaliana kwa siri kwamba kabla ya Krismasi angekwenda kwa baba yake Klara, mzee wa kanisa, kuomba ndoa ya bomani, yeye akibaki na dini yake na Klara na yake.

Ikaja Novemba ya mwaka sabini na nane, na vita vya kweli. Redio ilisema adui amevuka mpaka huko Kagera. Kijiji kiliambiwa kitoe vijana wanne waliopitia mafunzo ya mgambo. Watatu walijitokeza wenyewe. Wa nne ilikuwa lazima atoke kati ya wawili waliobaki na cheti cha mafunzo, Nikodemo na Darweshi, na jina lilipaswa kupelekwa Lushoto Jumatatu. Mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya kijiji alikuwa Mwalimu Timotheo.

Nikodemo alikuwa mtoto pekee wa mjane, Mama Rahabu. Darweshi alikuwa mtumishi wa serikali. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kubaki, na hakuna aliyeitamka.

Ni Darweshi aliyeleta wazo, Jumapili ile, huku akicheka. "Mwaka mzima tunabishana mlinzi yupi bora. Leo tupimane. Lango lilelile, maadui walewale kumi, nyuma yetu watu walewale wanaovuka daraja. Atakayelishika kwa raundi nyingi zaidi ameshinda. Na atakayeshindwa, jina lake liende Lushoto."

Klara alidhani ni utani. Akamtazama Timotheo amkaripie. Timotheo alikuwa akizipangusa dadu kwa pindo la shati.

"Ni haki," alisema. "Kuliko mimi kuchagua."

"Kaka Niko, hulazimiki," Klara alisema.

Nikodemo aliwaza kidogo, akitazama viganja vyake vyenye sugu. "Nimesema mwaka mzima kwamba njia yangu ndiyo sawa," alisema. "Nikikataa leo, nilikuwa nasema nini?"

Wakacheza.

Darweshi alianza. Mlinzi wake alifanya kama kawaida: akawaachia maadui upenyo, akawachoma migongoni. Raundi ya kwanza wakafa wawili, ya pili wawili. Nyuma yake, darajani, walikufa mwanamke na wazee watatu, na Klara akamaliza dawa zake zote tano bila kumwokoa hata mmoja. Raundi ya sita lango lilianguka. "Raundi tano kamili," Timotheo alisema, akaandika. Darweshi alitabasamu, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Ikawa zamu ya Nikodemo. Aliinuka, kama alivyozoea, akasimama kwa miguu yake mwenyewe mbele ya meza. Mlinzi wake akawatukana maadui. Wote kumi wakamgeukia. Raundi ya kwanza haikumgusa. Ya pili alipigwa mara moja, Klara akampa dawa. Ya tatu haikumgusa. Darajani watu walivuka, hakuna aliyeguswa hata nguo. Klara alisikia furaha ikimpanda, kisha akakumbuka furaha hiyo ilikuwa na maana gani, akaona Darweshi akiuma ukucha.

Klara alikaa pembeni mwa Timotheo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika majeraha na dawa. Alikuwa amejizoeza kutotazama nyuma ya kadibodi. Raundi ya nne alitazama. Dadu iliangukia nne.

"Kumi na nane," Timotheo alisema.

Klara akainua macho. Timotheo naye alikuwa akimtazama, bila aibu, jinsi anavyomtazama mwanafunzi anayejua jibu lakini hajaruhusiwa kulisema. Akarusha tena. Kumi na moja. "Kumi na saba." Tena. Tatu. "Kumi na tisa. Pole, Niko. Leo wana bahati."

Klara aliandika. Dawa ya pili, ya tatu, ya nne. Mkono ulijiandikia wenyewe. Raundi ya tano ilipoanza, mlinzi wa Nikodemo alibakiwa na damu ya pigo moja.

"Klara," Nikodemo alisema bila kugeuka, "nipe dawa. Nikivuka hii na nyingine, nimempita."

Ilikuwepo moja. Ilikuwa imeandikwa mbele yake, kwa mwandiko wake. Darweshi alimtazama tu, na Klara aliona kwamba mwanamume yule aliyecheka kuliko wote sebuleni alikuwa anaogopa kufa. Akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Imekwisha," alisema.

Timotheo alirusha, na safari hii Klara hakuhitaji kuangalia.

Nikodemo alikaa chini polepole. Kisha akacheka, kwa haya, akalivuta daftari lake na kuanza kutafuta kosa lake mwenyewe. "Nilisogea mbele mno," alisema. "Ningerudi hatua moja, wangenifikia watatu tu kwa wakati mmoja. Siyo njia iliyokosea. Ni mimi." Akampa Darweshi mkono. "Umenishinda, bwana shamba."

Nikodemo na Darweshi walipoondoka, Klara alibaki mlangoni na Timotheo.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nchi hii ina mabwana shamba wangapi?" Timotheo alisema. "Na wapasua mbao wangapi? Mlinzi kazi yake ni kupigwa ili wenye kazi nyingine wafanye kazi zao. Amelisema mwenyewe mwaka mzima. Wewe umesikia." Akaziweka dadu mfukoni. "Na dawa umeficha wewe. Mimi sikukutuma."

Lori liliwachukua vijana wanne Jumatano asubuhi. Mama Rahabu alimfungia mwanawe viazi vya kuchemsha na peasi nne kwenye kitambaa. Nikodemo aliandika barua moja kutoka vitani, kwa Klara, ili amsomee mama yake. Aliandika kwamba ana afya, kwamba udongo wa huko ni mwekundu, na mwishoni akaongeza mistari miwili ya mchezo: "Waambie wenzetu huku hakuna anayengoja zamu yake. Na adui hatukaniki." Klara aliisoma yote kwa sauti, Mama Rahabu akacheka asichokielewa, kwa kuwa mwanawe alikuwa amecheka alipoandika.

Mwezi wa nne watu wa chama walileta habari kwamba Nikodemo amekufa karibu na daraja, hawakusema daraja gani.

Darweshi hakufika kwa baba yake Klara kabla ya Krismasi, wala baada ya Pasaka. Mwezi wa saba alipata uhamisho wa kurudi Tanga, na baada ya Idi ikasikika kwamba ameoa huko binti wa mjomba wake. Hakumwandikia Klara hata mstari.

Siku aliyosikia habari hiyo, Klara alipanda mpaka kwa Mama Rahabu. Alimkuta akipalilia maharage kwenye tuta la mteremkoni. Alipiga magoti kwenye udongo, akasema yote: meza, kadibodi, nne iliyoitwa kumi na nane, dawa iliyokuwa chini ya kiganja.

Mama Rahabu alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama, jembe mkononi.

"Dawa gani?" aliuliza.

"Ya mchezo, mama. Ya daftari."

"Mwanangu alikufa kwa dawa ya daftari?"

Alimwita Timotheo. Mwalimu alikuja jioni ileile, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda, akazungumza kwa upole wote. Alisema kwamba Nikodemo alijitolea mbele yake kama mwenyekiti, kwa ujasiri uliomliza. Kwamba mchezo ulikuwa wa kupitisha Jumapili. Kwamba dada Klara, kama wote wanavyojua, ameachwa na mtu, na majonzi yanamfanya mtu amtafute wa kumchafua. "Tumwombee," alisema.

Klara alitaka kusema, akaona hana la kuonyesha. Dadu hazikumbuki zilivyoanguka.

"Mama, nakuapia," alisema.

"Usiape." Mama Rahabu hakupaza sauti. "Walikuja watu wa chama hapa, wakaniambia mwanangu alikwenda kwa miguu yake, hakusukumwa na mtu. Mchungaji akalisema kanisani. Ndicho nilichobaki nacho. Na wewe unakuja na jembe la mdomo kunifukulia kaburi, uniambie kumbe alikuwa mjinga, alichezewa mezani na watu waliokula viazi vyangu alivyowapelekea kila Jumapili?" Akafungua mlango. "Hata kama ni kweli, sitaki. Toka."

Habari ilizunguka kijijini kabla ya Jumapili, kwa jinsi Timotheo alivyoisimulia. Zahanatini watu hawakuacha kuja, maana hapakuwa na nyingine karibu, lakini walinyoosha mikono kuchomwa sindano huku wakitazama ukutani.

Kila siku ya gulio Mama Rahabu alipita mbele ya zahanati na tenga la kabichi kichwani. Klara alitoka nje, akasimama kando ya njia kama mtoto aliyefundwa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama Rahabu alipita. Wiki iliyofuata Klara alitoka tena, na iliyofuata pia, miaka na miaka, akaamkia, na yule mama akashika tenga lake vizuri na kuteremka na njia.