Mwaka Uliofupishwa na Wazee

Wazee wa hekalu la Okuzawa walikaa kikao wakaamua kwamba mwaka una miezi minane. Hivyo ndivyo Kisaburo alivyolielewa jambo hilo, na hakuna aliyemweleza vingine, maana waliokaa kikao wote walikuwa na wake zao majumbani.

Habari aliletewa na Tasuke, ambaye kazi yake katika mchezo wa kuigiza wa hekalu ni kufunga kamba nyuma ya vichwa vya wachezaji. Alimkuta Kisaburo barazani akimenya kaki, yale matunda ya rangi ya chungwa, za kuanika.

"Kisa, umesamehewa," Tasuke alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Sikukuu ya mavuno unacheza."

"Nimekosa nini hata nisamehewe?"

"Matanga yako, bwana. Wameyamaliza. Wanasema yametosha."

"Nani anasema?"

"Nani tena? Mzee Jinbei na wenzake. Wakubwa wa mkoa wanakuja kutazama kama mchezo wetu unafaa kuingizwa kwenye orodha ya urithi. Na uso wa mwanamke aliyekonda, ukiondoka wewe, hakuna anayeujua. Wamenijaribu hata mimi! Nimegeuka mara moja, nikakanyaga joho, puu, chini kama gunia la mpunga. Mwanamke aliyekufa kwa huzuni, na tumbo hili?"

Kisaburo hakucheka, wala hakukasirika. Alichukua kaki nyingine.

Okuzawa hakuna anayesema kinyago. Husema uso. Nyuso zipo ishirini na saba, zimelala kwenye masanduku yao ya mbao, na wanaozivaa ni wakulima, mtoto kwa baba tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Sheria zake ni ngumu. Aliyefiwa havuki lango la hekalu mwaka mzima. Na siku saba kabla ya sikukuu wachezaji huhamia nyumba ya sherehe, hula chakula kilichopikwa kwa moto wao peke yao uliotakaswa, hawarudi kwao, hawagusi mgonjwa.

Februari iliyopita, kabla ya sikukuu ya baridi, siku ya nne ya kukaa huko, shemeji yake Kisaburo alikuja akikata theluji iliyomfika magotini. Alisimama nje, akapiga kelele kwamba dada yake, Mineyo, mkewe Kisaburo, anapumua kama mvukuto uliotoboka, na anamwita mumewe. Kisaburo alivaa viatu vyake vya majani. Mzee Jinbei, mkuu wa chama cha wachezaji, akasimama mlangoni.

"Ukivuka kizingiti hiki, moto wote umeharibika," alisema. "Sheria si yangu, Kisa. Ni ya miaka mia nne."

Kisaburo akavua viatu.

Mineyo alikufa siku ya sikukuu, mchana, wakati mumewe yuko jukwaani ndani ya uso wa mwanamke aliyekonda, akiigiza marehemu anayemwomba mtawa amwombee dua. Alifika nyumbani na alama ya kamba ikiwa bado kwenye paji la uso. Kutoka nyumba ya sherehe hadi kwake, chai haipoi njiani.

Tangu siku hiyo alikuwa na ganzi, kama shavu lililochomwa sindano na daktari wa meno: unajua lipo, unaligusa, lakini si lako. Alivuna mpunga akiwa hivyo hivyo. Kitu kimoja tu ndani yake kilikuwa na makali bado, nacho ni jina la Jinbei. Watu wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kisaburo hakuwahi kuuona ukikata nyuma. Ulikata upande wa kwake, ukafika kwa wakubwa ukageuka kijiti.

"Kamwambie Jinbei aje mwenyewe," alimwambia Tasuke. "Na asiniambie mimi. Aje amwambie Mineyo."

"Aa, Kisa! Mzee wa miaka themanini umpandishe mlima huu?"

"Si ndiye anayefupisha mwaka? Mlima nao aufupishe."

Mzee Jinbei alikuja kesho yake, na chupa ya pombe ya mchele na keki ya dukani iliyofungwa kwa karatasi nzuri. Alivua viatu, akapiga magoti, akashukuru kwa chai kabla haijamiminwa.

"Kisa, mwanangu, kijiji kinakuhitaji."

"Nina neno moja tu, Mzee. Ile sheria ilikuwa sheria, au haikuwa sheria? Kama ilikuwa sheria, mimi nimefiwa, lango silivuki mpaka Februari. Kama haikuwa, geuka mwambie huyo pale, nami nitacheza."

Huyo pale ni picha ya Mineyo, kwenye madhabahu ndogo ya nyumbani, pembeni ya kikombe cha maji na kibakuli cha wali.

"Mambo ya mwaka huu ni ya mwaka huu," Jinbei alisema.

"Yana tofauti gani?"

"Safari hii ni kwa faida ya wote."

"Na safari ile ilikuwa kwa faida ya nani?"

Mzee alijikokota kwa magoti mpaka kwenye madhabahu, akawasha ubani, akagonga kengele ndogo.

"Mineyo," alisema, sauti yake kavu. "Moto ukiharibika, unazimwa, unawashwa mwingine. Ni kazi ya asubuhi moja. Baba yangu alitoka nyumba ya sherehe mwaka niliougua surua. Wakazima, wakawasha, mchezo ukaendelea. Nilijua."

"Ulijua," Kisaburo alisema.

"Nilijua. Theluji ilikuwa nyingi, kuni zimelowa, wageni wamekwisha kufika. Nikasema atapona tu, wanawake wa hapa ni wagumu." Akamgeukia Kisaburo. "Lakini na wewe hukuuliza, Kisa. Hukunisukuma hata kwa bega. Mtu mwenye nguvu zako."

Kisaburo alingoja hasira. Alikuwa ameilisha kwa miezi minane, akajua leo itatoka. Haikutoka. Alimtazama yule mzee, shingo yake nyembamba, akaona kweli angeweza kumhamisha mlangoni kwa mkono mmoja kama mtu anavyohamisha fagio. Hilo nalo lilipita, halikuuma popote.

"Nitacheza," alisema. Ahadi ni ahadi.

Siku ya mavuno alikaa mbele ya kioo, akaushika uso kwa kingo zake mbili, akauinamia. Tasuke akamfunga.

"Imekaza sana?"

"Sijui."

"Hujui? Kichwa ni cha nani?"

Pazia likainuliwa. Kupitia matundu ya macho aliona nguzo moja na kipande cha mbao za sakafu. Alihesabu hatua. Mahali pa kutoa machozi aliinua kiganja, akakisimamisha mbele ya macho, bila kuugusa uso. Upande wa wageni mtu akapenga kamasi. Mwanamke mmoja akasema, "Masikini." Kisaburo akaona aibu kidogo, kama anayesifiwa kwa kazi ya mwingine.

Alipokwisha kuvuliwa, Jinbei aliingia akitetemeka kwa furaha. "Wakubwa wamelia! Tumeandikwa, Kisa, ni kama tumeandikwa. Sasa Februari—"

"Februari sipo. Kuhamia nyumba ya sherehe ni siku saba kabla ya mwaka kutimia."

"Mwaka gani? Matanga si tumekwisha kuyamaliza?"

"Ninyi mmemaliza ya kwenu."

"Nani amekuamuru?"

"Hakuna."

Tasuke akamtazama mzee, mzee akamtazama Tasuke. Kisaburo alikunja joho la mwanamke, pindo juu ya pindo kama inavyotakiwa, akavaa koti lake la shambani. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita nje ya ua wa hekalu, lango asilivuke, kama aliyefiwa. Nyumbani alipika wali wa mtu mmoja, akapakua kibakuli cha kwanza cha madhabahu, akala uliobaki. Aliusikia moto wake mdomoni, mara ya kwanza tangu Februari, akauacha upoe.