Nazi ya Mshamu

Hakuna aliyemtarajia. Mshamu alitokea migombani kwa Angetile, huko Ndandalo, kanzu imechanika, akitetemeka kwa homa, mkononi nazi moja kavu aliyopewa na mama yake. Alikuwa mpishi wa msafara wa Mjerumani kutoka Kilwa. Alipougua, walimwacha njiani.

"Ugonile," Angetile alimsalimu, kisha akaendelea kwa Kiswahili alichojifunza kwenye upagazi: "Keti, ndugu yangu, kabla hujaanguka."

Mkewe, Tusekile, akaleta ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kwao Kilwa ndizi huungwa kwa tui. Hizi zilikuwa laini, zikishuka kooni kama dawa. Asije akawapunja wenyeji, Mshamu akatenga sehemu yake kwenye jani, akaenda kula nyuma ya mgomba.

Wanaume wa rika la Angetile, waliokuwa wamefika kula pamoja kama kawaida yao, kila mmoja na chungu kutoka kwa mkewe, wakamkodolea macho.

"Wee mtu wa pwani," akaita mmoja wao, Anyisile, "huku anayekula mafichoni tunamdhania mchawi!"

Angetile akacheka, akamvuta mkono hadi katikati yao. Chungu kikafuata chungu: ndizi, maharage, samaki wa ziwani. Kila mmoja alikula cha wote. Mshamu alikuwa amewapikia mabwana wengi, lakini karamu kama hii, tena siku ya kawaida tu, hakuwahi kuiona.

"Nikipona nitawapikia wali kwa nazi hii," akasema. "Naahidi."

"Wali tumeuonja," Anyisile akabeza. "Maji matupu!"

Homa ikamwachia. Siku aliyowaalika, wenyeji wake wakiwa shambani na mchele umekwisha kulowekwa, msafara wa kurudi Kilwa ukapita.

"Beba mzigo, twende!" akaita msimamizi. "Mvua zikianza, hakuna msafara mwingine hadi kiangazi."

Mawazoni Mshamu akamwona mama yake huko Kilwa, kibarazani, akitazama njia.

"Nisubirini hadi jioni, wenyeji wangu wale wali niliowaahidi."

"Tusubiri wali? Una wazimu!"

Wakaondoka. Akaipasua nazi, akaikuna kwa kigae cha chungu, nyimbo za wapagazi zikififia nyuma ya vilima.

Jioni Anyisile alionja, akaonja tena.

"Ndaga fijo," akashukuru. Kisha akauliza, "Na wenzako wa Kilwa?"

"Wamekwenda."

Anyisile akabandua ukoko wote, ule mtamu wa chini, akausogeza mbele ya Mshamu. Mshamu akaumega vipande, akampa kila mmoja chake, ndipo naye akala.