Njoo na Fimbo Yako

Darajani, Mzee Hamid alikifungua taratibu kitambaa alichofungia fimbo yake ya kuvulia, mkunjo baada ya mkunjo, na kipini kilipotokeza, Chepchumba akahisi damu ikimpanda hadi masikioni. Kilikuwa kipini cha vizibo laini vya chupa za mvinyo, kumi na kimoja, vilivyotobolewa katikati na kupangwa kimoja juu ya kingine. Kizibo cha tatu kutoka chini kilikuwa na makovu mawili madogo. Makovu hayo ni ya meno yake yeye Chepchumba, aliyekiuma akiwa na umri wa miaka minne, siku baba yake alipochelewa kumpa uji.

Fimbo nyingine ya kuvulia kama hiyo haikuwako duniani. Marehemu Kimaiyo, baba yake, aliitengeneza kwa muda wa viangazi viwili. Aliupasua mwanzi wa msitu wa Mlima Elgon vipande sita, akavilainisha, akaviunganisha kwa gundi na kuvikaza kwa uzi wa hariri. Ujana wake wote alikuwa akiwabebea mizigo Wazungu waliokuja kuvua trauti katika mto Suam, na vizibo aliviokota nyuma ya nyumba yao ya kunywea. Wazungu walipokwenda zao, Kimaiyo alibaki na mto, akawa anawaongoza wageni kwa jina lake mwenyewe. Bintiye alimfuata nyuma tangu akiwa na miaka kumi, na mzee alipofariki, mwaka wa elfu mbili na tatu, alishika njia ileile bila kumwuliza mtu.

Mzee Hamid hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa fundi wa saa kutoka mjini Bungoma, kibanda chake kikitazamana na msikiti, mtu mpole mwenye vidole vyembamba. Bintiye, Khairunisa, ndiye aliyempangia safari hii ili angalau Jumapili moja atazame kitu kikubwa kuliko saa ya mkononi. Aliisifu fimbo yake mpya kama bwana harusi. Chepchumba alimwuliza, kwa sauti aliyoilazimisha itulie, alikoipata.

"Kitale," akasema. "Kuna kijana mmoja anaitwa Job, anauza vitu vya mtumba karibu na soko. Aliniambia ilikuwa ya marehemu baba yake, na pale kwao hakuna mtu anajua kuitumia."

Hakuna mtu! Job ni kaka yake, wamenyonya ziwa moja. Miaka mitatu Chepchumba ameingia mto ule na fimbo ile, ametoka na samaki, samaki wameliwa mezani na Job mwenyewe akilamba vidole, leo yeye ndiye hakuna mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema ufanye nini ukikipata kimeshikwa na mgeni anayekutabasamia.

Na lililomuuma zaidi ni kwamba mgeni huyu alitumwa na yeye mwenyewe. Wageni wote wakipiga simu huuliza swali lilelile: tuje na zana zetu au tutazikuta? Enzi zake Kimaiyo alikuwa na jibu moja. Njooni mikono mitupu, alikuwa akiwaambia, maana mtu akija na fimbo yake huja pia na mto wa kwao, atasimama Suam huku akivua kwingine. Kisha aliwakabidhi fimbo ya vizibo, na kuwafundisha mkono kwa mkono. Chepchumba hakuweza. Kila akimwona mgeni akiikamata fimbo ile, roho ilimruka. Akabadilisha jibu. Wote waliopiga simu aliwaambia, njoo na fimbo yako, na ya baba akawa anaipandisha darini kwa mama, imefungwa vizuri. Jumatatu alimwambia hivyo Mzee Hamid. Mzee Hamid, asiye na fimbo wala ukoo wa wavuvi, akaenda kuulizia Kitale, na kuulizia kwake kukafika kwa Job. Asubuhi ya leo Chepchumba alitoka nyumbani bila hata kuinua macho kutazama dari. Kwa nini aitazame, na mgeni anakuja na yake?

Alikuwa na nafasi ya kusema pale pale darajani, kabla hawajashuka. Hakusema. Alijitwika mkoba wake, akatangulia kuteremka mtoni kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa, na mzee wa watu akamfuata akihema na kuteleza kwenye majani yenye umande.

Asubuhi nzima alimfundisha kama anayemwadhibu. Asisimame pale, kivuli chake kinawafukuza samaki. Asipinde kiwiko. Asiipige hewa, samaki hawako hewani. Mzee Hamid aliitikia kila neno kwa kichwa, akakosea tena, akaomba radhi tena. Kila fimbo ilipopinda mkononi mwake, Chepchumba aliona kana kwamba anakunjwa yeye. Alimchukia mzee yule kwa kuishika vibaya, na mara moja, alipoirusha vizuri kwa bahati na inzi wa bandia, chambo chao, akatua juu ya maji bila sauti, alimchukia zaidi.

Jua lilipofika utosini Mzee Hamid aliomba ruhusa. Alitia udhu mtoni, akatandika koti lake kwenye nyasi, akaswali. Fimbo aliiegemeza kwenye jiwe, hatua nne kutoka alipokaa Chepchumba. Ilikuwa rahisi mno kuichukua na kupanda zake mlimani. Aliitazama mpaka macho yakamwasha, akikumbuka kwamba mwizi ni yeye atakayeitwa, na hilo likamzidishia ghadhabu.

Baada ya swala ndipo ilipotokea. Mzee Hamid alirusha mshipi kwa nguvu mpya, ndoana ikanasa kwenye tawi la mti nyuma yake, naye bila kugeuka akavuta. Ncha ya fimbo ikapinda hadi ikalia.

"Wacha!" Chepchumba alimrukia na kumpokonya. "Utaivunja! Hiyo si fagio!"

Mto uliendelea kupita. Mzee Hamid alibaki na mikono iliyokunjika kana kwamba bado inashika kitu. Hakukasirika, na Chepchumba alitamani akasirike, wapigizane kelele waishe.

"Binti yangu," mzee akasema, "tangu asubuhi wewe una hasira, na mimi nikafikiri ni kwa sababu sijui kazi. Sasa niambie. Ni mimi ama ni hii fimbo?"

Akamwambia. Alimwambia yote akiwa amesimama, maneno yakimtoka bila mpangilio: vizibo, meno, viangazi viwili, dari, Job. Alimwambia pia kuhusu siku wazee walipokaa baada ya matanga kugawa vitu vya marehemu. Kwao vitu vya mkono wa mwanamume, mkuki, kigoda, bakora, humwendea mwana wa kiume, na siku ile fimbo ya kuvulia ilisomwa kati ya bakora na kigoda kana kwamba ni kitu cha kutembelea. Wakauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Ikapita.

Mzee Hamid aliketi juu ya jiwe akavua kofia yake. Mwisho akasema kwamba kama ni hivyo hana haja nayo tena, aichukue, na habari ya fedha alizomlipa Job wataimaliza wenyewe huko Kitale. Alisema kwa moyo safi, na pengine mtu mwingine angelia kwa shukrani. Chepchumba aliwaka upya.

"Mzee, sitaki unipe. Ukinipa wewe, itakuwa nimepewa na mgeni kitu cha baba yangu. Na Job atakuwa bado amesema ukweli, ati kwetu hakuna mtu."

"Basi unataka nini?"

Aliichopoa ndoana kwenye tawi, akaukunja mshipi wote, akasema twende nyumbani.

Nyumbani kwao, upande wa Endebess, mama alikuwa ametoka kanisani na Job amekuja kula chakula cha Jumapili kama kawaida yake. Gari la Mzee Hamid lilipoingia uani Job alitoka akitabasamu kumlaki mteja wake, kisha akamwona dada yake akishuka na fimbo mkononi. Tabasamu likamganda usoni. Mama, ambaye hajawahi kumwacha mgeni bila kiti, alileta kiti. Mgeni hakukaa.

Chepchumba alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yalipofika mdomoni yalikuwa mawili tu. Alimwuliza Job kwa nini.

Job hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba vitu huja upande wake. Alijibu kwamba wazee walimpa, mbele ya watu, na mtu huuza chake. Kama dada yake aliitaka si angeomba? Angempa bila hata kufikiri. Kumbe shida ilikuwa ni kuomba tu.

"Niombe?" Chepchumba akasema. "Wewe hujui hata upande gani unafungwa mshipi. Mimi ndiye niombe?"

"Lakini wewe ulikuwepo siku ile," Job akasema. "Waliuliza kama kuna mtu ana neno. Si ulinyamaza?"

Mama naye aliitikia. Alisema hilo ndilo alilotaka kuuliza hata yeye, tena kwa uchungu. Mbona hukusema, mwanangu? Mbona siku ile hukufungua kinywa?

"Niliwaambia saa ngapi, mama?" Sauti yake ilipanda na hakuishusha. "Wakati wanauliza mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai yao. Sufuria mbili. Nilipoingia na vikombe walikuwa wamefika kwa mbuzi. Hakuna mtu alisema, hebu ngojeni Chepchumba. Hata wewe, mama. Hata wewe ulikuwa umekaa pale."

Kuku walikuwa wakichakura uani. Job alitazama viatu vyake. Mama alishika upindo wa leso yake, akaukunja, akaukunjua, na kwa mara ya kwanza tangu matanga Chepchumba aliona jinsi mikono ile ilivyozeeka.

"Mimi ndiye niliyeitoa darini," mama akasema. "Job alikuja kuiuliza nikampa kwa mkono wangu. Nilikuwa nakusikia kwa simu kila siku unawaambia watu, njoo na fimbo yako, njoo na fimbo yako. Na siku hizi nilikuwa naiona darini tu. Nikasema moyoni, basi hii ya mzee imeharibika, ama ameichoka. Nilidhani unaona haya kunieleza."

Jambo hilo Chepchumba hakuwa amelitarajia, wala hakulipenda. Mtu aliyekasirika hapendi kuoneshwa mahali ambapo kidole chake mwenyewe kimo. Angalau alitaka kuendelea kumlaumu Job, maana Job alistahili, na wazee wale walistahili, na mama alistahili nusu yake. Hasira haikumtoka. Ilibaki, ila sasa haikuwa na mtu mmoja wa kumrukia.

Mzee Hamid alikohoa kidogo. Alimwomba Chepchumba ampe fimbo, naye bila kujua sababu akampa. Fundi wa saa akaifuta maji kwa kile kitambaa chake, toka nchani hadi kwenye kipini, akaenda akaiegemeza kwenye mwimo wa mlango, si karibu na Job wala si karibu na Chepchumba.

"Mimi ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote hapa," akasema. "Naiacha hapa ilikotoka. Mjuane wenyewe." Akamshukuru mama kwa kiti ambacho hakukikalia, akamwambia Chepchumba kwamba atapiga simu tena msimu ujao ukifunguka, kama bado anapokea wanafunzi wasiojua kitu, akaingia garini. Walisikia gari likipanda hadi barabarani, kisha hawakulisikia tena.

Hakuna aliyesogea. Job alijua kwamba akiigusa hatakula tena katika nyumba ile. Chepchumba alijua kwamba akiichukua mwenyewe itakuwa ameiba kilichogawiwa mbele ya watu, na kesho asubuhi Job ataanza tena kusema wazee walimpa.

Aliyetembea ni mama. Alifika mlangoni, akainyanyua fimbo kwa mikono miwili katikati, kama mtu anayebeba kuni, na ncha ikagonga paa la mabati. Akashtuka, akaigeuza, sasa kipini kikaning'inia chini na mshipi ukamzunguka kiganjani. Alijaribu kuutoa. Ukazidi kumzunguka. Miaka thelathini na tisa aliishi na mwenye fimbo ile, akaifungia vitambaa, akaifukuzia panya, akaiona ikitoka asubuhi na kurudi jioni. Alisimama nayo pale mlangoni akiwa amepotea kabisa, akamtazama Job. Job akatazama pembeni.

Ndipo akamgeukia bintiye.

"Hii kitu inashikwa wapi?"

Chepchumba alikaa kimya kwanza, kwa makusudi, ili mama akisikie kimya hicho. Kisha akavuka ua, akasimama nyuma ya mama yake, akapitisha mikono yake pande zote mbili na kukitafuta kile kiganja kilichozingirwa na mshipi.

"Si hapo, mama," akasema, bado kwa hasira. "Shuka kidogo. Hapa. Legeza mkono."