Deraya Iliyonyeshewa Buffalo

Siku Anselm alipokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Sandrine, mwili wake ulikaa sebuleni kwao Louisville, lakini roho yake ilibaki kwenye buti ya gari.

Ndani ya buti kulikuwa na deraya, lile vazi la vita la kale lililofumwa kwa pete ndogo ndogo za chuma, kila moja imeshikana na nyingine nne. Jumamosi alikuwa ameivaa Buffalo, kwenye maonyesho ambako watu wazima wenye kazi zao na akili zao hujifanya askari wa zamani na kupigana kwa panga butu mbele ya watazamaji. Mvua iliwanyeshea mchana kutwa. Aliporudi Columbus, chumbani kwake University District, alianguka kitandani na viatu. Asubuhi akampitia Sandrine kule Hilliard, wakashika njia, na walikuwa wameshaipita Cincinnati alipokumbuka kwamba chuma kimelala ndani ya begi na maji yake.

"Kilale hukohuko," Sandrine alimwambia. "Baba yangu alikimbia vita. Wewe unasomea udongo na unaimba kwaya, basi. Habari za panga ziache garini."

Hakuwa anatania. Alikuwa amemwambia wazi kwamba baba akikataa, hakuna ndoa.

Mzee Marcellin, baba yake Sandrine, mfanyakazi wa ghala la South End, mwenye tumbo la heshima, aliomba kabla ya kula. Aliombea chakula, akawaombea wapishi, akaiombea Kongo, kisha akaanza Marekani jimbo kwa jimbo. Anselm aliitikia amina kwa moyo wote, ila katikati, Mungu amsamehe, alikiombea na chuma. Deraya ile alikuwa ameitafuta muda mrefu. Alizipita za bei rahisi, ambazo pete zake zimebanwa tu na hufunguka zikivutwa, mpaka akapata iliyokazwa kwa vijimisumari vya ribiti pete kwa pete. Sasa ilikuwa inaota kutu huku yeye anakula sombe, kile kisamvu cha Kikongo.

Jicho likamkimbilia tena dirishani.

"Bon, kijana," Mzee Marcellin akasema, "uko naangalia nini pale inje? Uliacha mutu mu gari?"

"Hapana, mzee."

"Kama ni bibi yako, umuingize. Dative alipika ya kutosha."

"Bibi yangu yuko Bukoba, mzee," Anselm akajibu kwa adabu. "Ndiye aliyenilea."

Kijiko cha Mzee Marcellin kikasimama hewani.

"Papa," Sandrine akadakia haraka, "kwao Tanzania bibi si mke, ni koko. Ni mama ya baba yake."

"Ah." Kijiko kikaendelea na safari. "Kiswahili ya Tanzania itaua watu. Donc mu gari kuko nini?"

Anselm alimtazama Sandrine, Sandrine akatazama dari. "Kuna chuma, mzee. Kimelowa."

Basi akaileta deraya. Ilipomiminwa juu ya shuka kuukuu ililia kama mahindi makavu, na kwenye makwapa kutu ilikuwa imeshaanza.

"Inaitwa deraya," Anselm akaeleza.

"Dera? Ile robe ya wamama?"

"Deraya, mzee. Ya vita. Tunavaa kwenye maonyesho, tunapigana kidogo."

"Na adui ni nani?"

"Jana alikuwa mhasibu mmoja wa Buffalo."

Mzee Marcellin aliokota ncha ya mkono wa lile vazi, akazisugua pete kwa kidole gumba. "Donc mi nilikimbia vita na miguu," akasema taratibu, "na wewe unaifuata na gari, na essence yako."



"Ni kweli, mzee," Anselm akasema. "Ila kule jioni ikifika, walioanguka wote wanaamka, tunakula pamoja."

Mzee aliurudisha mkono wa vazi juu ya shuka. "Kama ya kwetu ingekuwa namna ile," akasema, na hakumalizia. Baadaye akanyoosha mkono kwa mkewe, Mama Dative. "Leta bitambaa. Chuma ya mutu isioze mu nyumba yangu."

Wakafuta, wakapuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, wakasugua kutu mpaka ikatoka. Anselm alipouliza mafuta, akiwaza yale mepesi ya cherehani, Mama Dative alitoka jikoni na chupa ya mawese. Mawese huganda, hunuka, na doa lake halitoki. Lakini kilikuwa kitu cha kwanza mama yule kumpa kwa mkono wake. Anselm akasema asante, akapaka. Deraya ikawa nyekundu kama mchuzi wa sikukuu.

"Nijaribu," Mzee Marcellin akasema.

"Mzee, niliichagua kwa kipimo changu. Na chini yake huvaliwa koti nene la pamba."

"Wewe ni mwanaume, na mi ni mwanaume."

Iliteremka vizuri kwa msaada wa mawese, juu ya shati la kanisani, mpaka tumboni. Hapo ikagoma. Haikushuka, haikupanda.

"Papa Sandrine," Mama Dative akasema, "uko kama samaki mu wavu."

"Kuivua ni rahisi," Anselm akasema. "Unainama kabisa, mikono mbele, mimi navuta."

"Niiname?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Vinginevyo haitoki."

Mzee Marcellin alisimama wima, mawese yakimchuruzika. "Haiwezekani. Kwetu mutu hawezi inama mbele ya mukwe yake."

Mama Dative akaweka chupa mezani. "Mbele ya nani?"

"Nimesema kwetu mutu..."

"Amesema mukwe. Sandrine, ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Na wewe, Mutanzania?"

"Nilisikia, mama," Anselm akasema.

"Chuma imenikaba," Mzee Marcellin akajitetea. "Mutu akikabwa anasema mambo mingi."

"Basi tukiitoa utakataa?"

Mzee alimtazama binti yake, kisha kijana wa Bukoba mwenye mawese mpaka viwikoni. Akashusha pumzi, pete zikalia. Polepole akainama, mikono mbele, hadi kichwa kikaangalia zulia.

"Vuta, mukwe," sauti ikatoka ndani ya chuma. "Na uvute polepole, inanishika nywele."