Mradi wa Kuiga Kosa

Siku ya mwisho ya kuchagua miradi ya masomo, Mama Pacha aliingia maabara ya kompyuta akiwa amenyong'onyea. Wazo lake lilikuwa limemfia mkononi asubuhi ile ile, na asiye na wazo alitakiwa kungoja mwaka mwingine. Mwaka mzima! Nani angemlelea wale pacha? Wifi yake alikuwa ameomba ruhusa ya muda kazini kwake, kiwanda cha nguo, ili akae nao. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini pacha wanaotambaa si usufi.

Kazi ya wanafunzi ilikuwa kupima programu huria, ya bure, ile inayoziwezesha programu za mfumo wa kulipia kufanya kazi kwenye kompyuta isiyo na mfumo huo. Wenzake walichagua kupima michezo yenye picha za kung'aa. Yeye alichagua kupima ufutaji wa mafaili. Kipendacho roho hula nyama mbichi.

"Mwalimu, naondoa wazo langu," alisema. "Nimeamuru faili lisilokuwepo lifutwe. Mfumo wa kulipia umenijibu, limefutwa. Uwongo mtupu! Programu yetu imesema kweli, kwamba faili halipo. Sasa kama yetu haina kosa, nitapima nini?"

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Hebu rudia."

Akarudia.

"Wewe mama wewe! Programu za zamani zimeuzoea uwongo huo. Ukiziambia ukweli zinazimika. Watu wanatulalamikia kila siku, nasi hatujui kwa nini. Kumbe! Sisi hatutafuti nani mkweli. Tunauiga mfumo ule ulivyo, na makosa yake juu." Akaandika ubaoni, juu ya orodha ya michezo ya wenzake: Mama Pacha, kufuta kisichokuwepo. "Umekubaliwa."

Mama Pacha alipiga makofi. Akajitupa kwenye kiti cha mtu, akacheka kama mwehu, akashukuru mpaka mwalimu akamwambia atoke nje apumue.

Huko nje akampigia wifi yake. "Wifi, wamenikubalia!"

"Afadhali!" Wifi alishusha pumzi ndefu, pacha wakigombana nyuma yake. "Maana juzi nilimwambia bosi asinihesabu kazini mpaka mwaka kesho, iwapo utakwama."

"Wifi! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha masomo. Haya, kata simu, nimpigie kabla hajamkalisha mtu kwenye cherehani yangu."