Masikio ya Msemaji

Mume wangu Gidioni ni mbishi, na nimeishi naye miaka ya kutosha kulisema hilo bila kuomba radhi. Lakini mwaka huu amefanya jambo ambalo hata mimi, nisiye mwepesi wa kusifu mtu, siwezi kulinyamazia.

Hapa Mbuba, binti wa ukoo wetu akiposwa, baba yake hafungui mdomo. Anasema msemaji, na msemaji wetu ni Gidioni. Msemaji wa wageni anasimama na kibuyu cha pombe ya ndizi, anawatakia watu amani, ng'ombe na watoto, na kila anapotaja neema moja ua mzima unapiga makofi. Wetu anajibu, naye anapigiwa. Maneno hupita kwa mafumbo, na masharti mazito husemwa kwa sauti ya chini makusudi, wakati pombe inamiminwa. Ukipokea kikombe ukanywa, umekubali yote yaliyosemwa kabla yake. Wapo wazee waliokunywa kwanza na kujutia baadaye, na mmoja wao ni kaka yangu, lakini hayo tuyaache.

Mwaka jana Gidioni alikuwa kwenye mashine yake ya kusaga nafaka. Tairi la lori lililoleta mahindi lilikuwa linajazwa upepo, likapasuka karibu kabisa na kichwa chake. Kwa siku kadhaa hakusikia kitu. Usikivu uliporudi, ulirudi na balaa: kila sauti ikawa inamuuma. Sisemi kumkera, kelele zinamkera kila mtu. Zilimuuma kama sindano ndani ya sikio, na maumivu yalibaki muda mrefu baada ya sauti kwisha. Mfuniko wa sufuria ukianguka, anajilaza kwa maumivu mpaka kesho yake. Mbuzi akilia, anashika kichwa na machozi yanamtoka. Wengine walisema amerogwa, wengine kwamba anaringa. Hao wa kuringa nilikuwa nawajibu mwenyewe, tena mlangoni kwao.

Alianza na pamba. Pamba haikumsaidia chochote. Ndipo jirani yetu Juvenali, aliyekuwa akienda Biharamulo kununua mbao, akamletea vikinga sauti wanavyovaa wapasua mbao wa huko, vile vikubwa vya kufunika masikio yote mawili. Mimi niliviita masufuria. Gidioni alipovivaa tu, uso wake ulilegea, nami nikamshukuru Mungu.

Nilishukuru mapema. Aliyavaa masufuria yale shambani, mezani, kanisani na kitandani. Kumwita kula nilimrushia punje ya maharage. Na kadiri alivyozidi kujifunika, ndivyo sauti ndogo zilivyozidi kumshinda. Ikafika mahali kijiko kikigusa sahani anaruka. Nilimwambia twende hospitali, akasema hospitali kuna watoto wanaolia. Mbishi, nimeshasema.

Kisha likaja la Priscila. Huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wake Gidioni, tumemlea tangu hajajua kutembea vizuri, na kwa kuwa Gidioni si baba mzazi, desturi haimzuii kumsemea. Yuko chuo cha uuguzi, bado hajamaliza. Akapendana na Fabrice, kijana wa Lukole, mpole na mchapakazi, na ukoo wa Fabrice ukatuma ujumbe kwamba unataka kuja. Wazee wetu wakasema tutafute mshereheshaji wa mjini mwenye vipaza sauti, Gidioni apumzike. Kusema kweli, niliwaunga mkono.

Priscila akaja mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya Gidioni, akasubiri mpaka avue masufuria, akaongea kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanetu."

"Nampenda Fabrice. Lakini wazee wao wanataka mke wa kukaa nyumbani, na mimi nataka kumaliza chuo. Huyo wa vipaza sauti hatajua wanapolipitisha neno hilo. Kama husemi wewe, basi wasije."

Asubuhi yake Gidioni alinikuta nikikoka moto, akaniambia, "Adelfina, nipeleke huko hospitali."

Mtaalamu wa masikio alikuwa mama mmoja anayeitwa Ildefonsa, mwenye sauti ya taratibu kama anabembeleza mtoto. Alimpima, kisha akayashika yale masufuria.

"Haya ni mazuri, baba. Kwenye mashine yako yavae. Ila nyumbani palipo kimya unayavaa ya nini? Sikio ukilifungia, linazidi kuwa na woga. Siku ukilifungulia, kila kitu kinaliumiza."

Alimwambia ayazoee tena masauti kidogo kidogo, aanze na yale laini, asijilazimishe mpaka aumie. Penye watu wengi avae vizibo vidogo vya kuingiza sikioni. Kulikuwa na vya sponji, vinavyozuia karibu kila kitu, na vya mpira laini vyenye kitundu katikati, vinavyopunguza makali lakini vinaacha maneno yapite. "Ujaribu mwenyewe," alisema. "Sikio ni lako."

Tulivijaribu mgombani. Nilisimama mbali kidogo na kumgeuzia mgongo, nikaongea, naye arudie nilichosema. Vya sponji vilishindwa. Alidai anasikia mate yake mwenyewe tu. Vya mpira vya kwanza vilikuwa vikubwa, vikamchubua. Alipovaa vidogo zaidi, nilimtukana kwa sauti ya chini kabisa, tusi zuri, lenye ukoo wake wote ndani. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua tumepata.

Lakini kuchagua ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kila jioni, redio ikiwa chini kiasi kwamba mimi mwenyewe niliisikia kwa shida, na yeye ameketi mbele yake amekunja ngumi. Wiki nyingine aliipandisha kidogo, wiki nyingine ilimshinda akairudisha alikoanzia. Sikuwahi kumwona mtu akiogopa kitu kiasi kile na bado anakirudia kila siku. Nilikuwa napita na kuni naona aibu kwa vile vitu vidogo ambavyo mimi huviacha vikinishinda.

Siku ya posa ilipofika, nilimpelekea masufuria.

"Vaa haya leo, nakuomba. Makofi yatakuua."

"Nikivaa hayo nitaona midomo tu," alisema. Akaingiza vile vizibo vidogo, akavaa koti lake na kutoka.

Msemaji wa wageni aliitwa Nzeyimana, mzee mrefu mwenye kufahamu kazi yake. Alitutakia amani, ua ukapiga makofi. Nilimwona Gidioni akifumba macho. Akatutakia ng'ombe, tukapiga tena. Jasho lilimtoka mume wangu kichwani, midomo ikawa myeupe, lakini alisimama zamu yake ilipofika, akajibu vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, na makofi yake mwenyewe yakamwangukia.

Wakaenda hivyo mchana mzima. Hatimaye Nzeyimana akainama kumimina pombe, na huku anamimina, bila kuinua uso, akasema kama anayejisemea: "Na ua hili tutalimwagilia kwetu, halitakwenda tena kunywa kwenye kisima cha mbali."

Mimi sikuwa mbali, na sikuyapata maneno yote mpaka Gidioni aliponirudia baadaye. Watu wetu walikuwa wakitabasamu. Gidioni alipokea kikombe, akakitazama, akakiweka chini.

"Mgeni wangu," alisema, "ua hili lina kisima chake, na halijamaliza kunywa. Likimaliza, mtalichukua. Kama kiu yenu haiwezi kusubiri, kibuyu chenu hiki hapa, na njia ya Lukole mnaijua."

Priscila, aliyekuwa nami mlangoni kwa wanawake, alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. Upande wa wageni, Fabrice, ambaye kwa desturi hapaswi kusema neno, aliinuka akamnong'oneza Nzeyimana sikioni. Mzee akamsikiliza. Kisha akacheka.

"Tuliambiwa msemaji wenu masikio yake ni mabovu," alisema. "Basi na amalize chuo. Tutasubiri."

Gidioni akakinyanyua kikombe, akanywa.

Kelele zilizofuata siwezi kuzieleza. Makofi, vigelegele, wanawake wanapiga miguu chini. Nilikimbia nikapita katikati ya watu, nikamziba mume wangu masikio kwa viganja vyangu viwili. Akaishika mikono yangu, akaishusha taratibu.

"Niache, Adelfina," alisema, machozi yakimtiririka. "Wanampigia mwanangu."

Nilisimama pembeni yake, nikamwangalia akiumia na kucheka kwa wakati mmoja mpaka makofi yakaisha.