Kumi na Tatu Zilizobaki

Sekela hakuwa mtu wa kuogopa giza. Giza ndilo lililokuwa kazi yake. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Tukuyu, amepanga Chanika kwa Bi Nawal. Chuo kilipomwazima mashine ya kuhesabu mwanga kwa ajili ya masomo yake ya uzamili, hakuona mahali panapofaa kuliko stoo ya nyuma ya nyumba, isiyo na dirisha wala ufa. Ilikuwa stoo ya duka la marehemu Mazin, mume wa Bi Nawal, aliyefariki miezi mitatu tu nyuma.

Ukiiona mashine yenyewe ungeidharau: kipande cha silikoni kisichozidi punje ya mchele, ndani ya kiboksi chenye ubaridi. Lakini chembe moja tu ya mwanga ikikigusa, spika inalia tik. Hata kwenye giza totoro hujilia chenyewe mara mbili tatu kwa dakika, ovyo ovyo, kwa sababu ya joto lake. Sekela alitaka kupima huo uovyo tu, saa moja isiyo na dosari, kila akitoka shule. Ijumaa mashine ilitakiwa irudi chuoni.

Jumatatu, saa kumi na dakika chache, mashine ikaanza kulia kwa mpangilio. Tik, tik, tik, taratibu, bila kuruka. Sekela akahesabu thelathini na tatu. Kimya. Thelathini na tatu tena. Kimya. Kisha ishirini na moja, ikakata.

"Umeme huu!" akafoka, na kwa tahadhari akaziba tundu la kitasa kwa karatasi ya gundi. Jumanne ikawa yaleyale. Jumatano aliiweka mashine kwenye betri, mbali na nyaya zote za nyumba, na ikalia vilevile. Hapo nywele zilimsimama. Alipofungua mlango alimkuta Bi Nawal ameketi kwenye mkeka, sikio ameliegemeza kwenye fremu ya mlango.

"Shikamoo, Bi Nawal."

"Marahaba. Leo kafika ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Ndipo alipoishia." Akamweleza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeeleza habari za maji kukatika. Mazin alikuwaga akiswali alasiri humo stoo, akiwakimbia wateja. Siku aliyokufa walimkuta juu ya mswala, tasbihi mkononi, kidole kwenye punje ya ishirini na moja ya duru ya mwisho. Duru hiyo ina thelathini na nne, si thelathini na tatu kama mbili za kwanza. Zilibaki kumi na tatu.

"Sasa mbona humalizii wewe?"

"Nikimmalizia ataondoka. Nimo edani, mwanangu, zimebaki siku arobaini sitoki kwenda popote. Mie mgeni wangu ndiye huyu. Usimguse, tafadhali."

Sekela akaahidi, na wakati anaahidi alimaanisha.

Lakini Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho, na daftari la vipimo lilikuwa jeupe, maana kila ikishafika ishirini na moja mashine ilinyamaza kabisa, hata zile za ovyo hazikulia. Akajiambia kwamba yeye ni Mkristo, Mmoraviani, mambo haya hayamhusu. Akajiambia pia kwamba ni hisani kumpumzisha marehemu. Uongo mtupu, alitaka saa yake moja ya vipimo. Mashine ilipofika ishirini na moja na kunyamaza, alizima spika ili nje kusisikike kitu, akachukua taa ya kuijaribia mashine, hafifu kiasi kwamba jicho haliioni, akabonyeza mara kumi na tatu.

Ndipo alipogundua kwamba siku zote stoo ilikuwa na harufu ya udi, kwa sababu harufu ile iliondoka. Alipowasha spika tena, zililia zile za ovyo tu, mbili tatu kwa dakika, saa nzima. Vilikuwa vipimo safi vya kumfaulisha mtu. Sekela alivitazama akaona haya, akalifunga daftari.

Ijumaa alipiga simu chuoni akaomba waongeze muda, wakakubali. Hakusema sababu. Saa kumi alikuwa gizani, ameshika magoti, akimsikia Bi Nawal akitandika mkeka nje. Dakika zikapita. Mashine ikalia mara moja, ovyo, ikanyamaza.

"Mazin?" Bi Nawal akaita, kwa sauti ya mke anayemngoja mumewe chakula kikipoa.

Sekela hakuweza kuvumilia. Akaichukua ile taa. Thelathini na tatu. Akapumzika. Thelathini na tatu. Akawa anakwenda mbio bila kutaka. Kisha ishirini na moja, akaiweka taa chini na kubana pumzi.

Nje mkeka ukakunjwa.

"Kesho usiharakishe, Sekela," Bi Nawal akasema. "Mazin hakuwa na haraka."